Kipande cha Joho la Bikira

Mzee Nazareno alipopata habari kwamba Cherotich anakwenda Roma, hakumpa hongera kama majirani wengine. Aliingia gerejini kwake, akarudi na kipande cha katoni ya divai na penseli ya seremala, akaanza kuchora. Alichora mlima, akachora barabara inayoupanda ikijipindapinda, akachora lango la mawe, na juu kabisa akatia msalaba mdogo.

"Montarello," alisema, akiupigapiga ule msalaba kwa kidole. "Kutoka Roma unachukua treni, halafu basi. Dada yangu Ersilia atakupokea. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma."

Walikuwa wamesimama kwenye ua wa mbao uliotenganisha nyumba zao pale Rooty Hill, pembezoni mwa Sydney, mzee upande wake wa minyanya, Cherotich upande wake wa kamba ya nguo. Ujirani wao ulikuwa wa miaka mingi. Cherotich na mumewe Ogutu walipohamia pale wakiwa wageni kabisa, yeye nesi wa zamu za alfajiri na Ogutu mpakiaji mizigo ghalani, ni Mzee Nazareno na marehemu mkewe waliompokea binti yao Jacky kila asubuhi, wakamnywesha maziwa na kumpeleka shule. Jacky alijua kuhesabu kwa Kitaliano kabla hajajua kwa Kiswahili, jambo lililomfanya Ogutu acheke na kununa kwa wakati mmoja.

"Nikuletee nini, Mzee?"

"Usilete kitu."

"Hata kidogo?"

"Moyo wangu daktari amesema hauwezi tena safari ya ndege. Wewe nenda ukaone, urudi unisimulie. Kitu usilete."

Cherotich alicheka. Kwao Bomet, Kenya, mtu wa umri ule akikuambia usilete kitu, maana yake ufikiri vizuri utakacholeta. Huwezi kufika mpaka nyumba aliyozaliwa mzee wa watu, ukala chakula cha dada yake, kisha urudi umening'iniza mikono. Alikunja ile katoni, akaitia mfukoni mwa aproni, na moyoni tayari alikuwa anawaza.

Safari yenyewe ilikuwa ya hija. Cherotich alikuwa mwenyekiti wa akina mama Wakatoliki wa Kenya wa upande ule wa Sydney, na yeye ndiye aliyewahimiza waende Roma katika mwaka wa Jubilei, yeye aliyesimamia rozari ndani ya basi, yeye aliyewakemea waliotaka kukwepa misa waende madukani. Ogutu hakupata likizo. Jacky, aliyekuwa na miaka kumi na saba na hakutaka kwenda popote na mama yake, alikubali pale tu alipoambiwa kwamba baada ya Roma watafika kwa akina Mzee Nazareno.

Kundi lilipogeuza kurudi Sydney, wao wawili wakapanda treni, kisha basi dogo lililokuwa na abiria wachache waliolala. Montarello ilikuwa juu ya mlima kama kofia iliyosahauliwa. Theluji ilikuwa imeshika mapaa. Nusu ya nyumba zilikuwa zimeegemezwa kwa magogo na vyuma tangu tetemeko la ardhi la miaka ya nyuma, na vichochoro vilikuwa vyembamba hivi kwamba Cherotich aliweza kugusa ukuta wa huku na wa huku kwa mara moja. Ersilia aliwangoja kituoni, kibibi kifupi kilichovaa koti la kiume, na pua yake ilikuwa ileile ya kaka yake, kubwa na yenye nundu. Aliwakumbatia bila kuuliza kama ndio wao. Nani mwingine angekuwa?

Hakujua Kiingereza hata neno. Cherotich hakujua Kitaliano. Kwa hiyo Jacky akawa ulimi wa wote wawili, na katika siku hiyo moja msichana alizungumza maneno mengi kuliko aliyomwambia mama yake mwaka mzima. Ersilia aliwaonyesha nyumba waliyozaliwa yeye na kaka yake, mlango wake sasa umepigwa mbao. Akawaonyesha mabirika ya mawe ambamo mama yao alifua nguo za watu wakati wa baridi mpaka vidole vikapasuka, na tanuri la mji ambapo kila familia ilikuwa na alama yake ya kuchapa kwenye mkate ili watu wasigombane. Cherotich alivuta pumzi, akasema kwamba hapa ni kama kwetu, na Jacky akatafsiri, na Ersilia akafurahi, akambana mkono.

Mwisho wa yote akatoa ufunguo kwenye koti. Ulikuwa wa chuma, mrefu kama kijiko cha kupakulia.

"Anasema mama yake aliushika ufunguo huu," Jacky alieleza kwa Kiingereza, "na bibi yake kabla ya hapo. Mgeni akitaka kuona kikanisa, lazima aje kwao kwanza. Na akija kwao lazima ale."

Kikanisa kilikuwa kidogo, baridi yake ya kuuma meno. Ukuta mzima wa mbele ulikuwa picha ya Bikira Maria amesimama, amelitandaza joho lake la samawati kama kuku anavyotandaza mbawa, na chini ya joho wamejificha watu wa mji: mwoka mikate, mwanamke aliyekumbatia kuku, mtoto aliyefungwa kitambaa kichwani. Mchoraji, kwa maelezo ya Ersilia, hakuvumbua nyuso. Aliwachora waliokuwa wakiishi pale siku zile. Akamwelekeza Cherotich kwa mzee mmoja wa pembeni, kisha akajigusa pua yake mwenyewe, wote watatu wakacheka.

Lakini upande wa kulia wa joho haukuwapo. Tetemeko lilikuwa limeubomoa. Chini yake, nyuma ya kamba nyekundu, kulikuwa na trei za mbao zilizojazwa mchanga, na juu ya mchanga vimepangwa vipande vya lipu yenye rangi, vingine vikubwa kama kiganja, vingine kama punje za mahindi. Kibao kilikuwa kimechorwa mkono uliopigwa mstari.

"Usiguse," Jacky alisoma.

"Nimeona."

Honi ikalia nje. Ilikuwa gari la mkate, ambalo lilipanda mlimani mara chache tu tangu duka la mji lifungwe. Ersilia akashika kichwa, akasema neno, akatoka mbio na slipa zake zikipigapiga mawe, akauacha ufunguo ukining'inia mlangoni.

Cherotich aliinama. Alitaka kutazama tu. Kipande kimoja kilikuwa karibu na kamba, samawati ya kuiva, kadiri ya ukucha wa kidole gumba, na ukingoni kilikuwa na mstari mwembamba wa dhahabu. Alikifikiria mkononi mwa Mzee Nazareno. Aliiona ile mikono yenye mabaka, iliyoacha mji huu ikiwa ya kijana na haitaurudia tena, imekishika kipande cha nyumbani. Vipande vilikuwa vingi mno. Nani angekaa ahesabu kifusi? Wizi, alijiambia, ni kuchukua cha mtu ukatumie wewe. Hiki nampelekea mwenyewe. Akanyoosha mkono juu ya kamba, akakizungushia tishu, akakitia kwenye pochi ya rozari.

"Mum, usifanye hivyo."

"Nyamaza. Ni kifusi tu."

"Mum. Kirudishe."

"Jacky, nimesema nyamaza."

Ersilia aliingia akihema, mkate kwapani, akiwaomba radhi kwa kuwaacha peke yao.

Kwenye uwanja wa ndege wa Sydney, afisa alimuuliza kama ana udongo, mbegu au mawe. Akasema hana. Jacky alikuwa nyuma yake, masikio yamezibwa na muziki. Tangu Montarello alikuwa anamjibu mama yake kwa kichwa tu.

Cherotich hakutaka kumpa mzee zawadi ndani ya tishu. Alikwenda Cabramatta, kwa fundi mmoja wa fremu aliyesifiwa kazini kwake, akatengenezewa kisanduku cha kioo chenye kitambaa cheupe ndani, kipande kikakaa katikati kama kito. Akakihifadhi akingoja siku ya nyanya.

Siku ya nyanya ilikuwa sikukuu ya nyumba ile. Kila Februari, ukoo mzima wa Mzee Nazareno ulijaa gerejini kusaga nyanya na kupika sosi ya mwaka katika mapipa nje, na akina Ogutu walihesabiwa kama ukoo. Ogutu alipewa mti wa kukorogea, kazi aliyoipenda kwa sababu ilimwezesha kutoa amri. Watoto walikimbiakimbia na mikono myekundu. Mzee alikaa kwenye kiti chake cha plastiki katikati ya yote, kofia kichwani, na alikuwa amemwomba Cherotich asimulie Montarello mara nyingi hivi kwamba hata wajukuu walikuwa wanaweza kuisimulia.

Baada ya chakula Cherotich akasimama. Alizoea kusimama mbele za watu. Akasema kwamba mtu huyu alimlea mtoto wake bila kuambiwa, kwamba yeye hana cha kumlipa, na kwamba aliambiwa asilete kitu lakini Mkalenjin hajui kurudi mikono mitupu. Watu wakapiga makofi. Akamkabidhi kile kisanduku.

Mzee alikitazama akitabasamu, kisha akakisogeza karibu na macho. Tabasamu likakauka taratibu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye kikanisa, Mzee. Kile cha kwenu. Ni sehemu ya joho."

Loretta, binti mkubwa wa mzee, alikuwa amebeba sinia ya vikombe, akabaki amesimama nayo.

"Najua ni joho," alisema mzee. "Mama yangu alituweka chini ya joho hili kila Jumapili. Nakuuliza umekitoa wapi. Ersilia ndiye aliyekupa?"

Hapo palikuwa na mlango, nao ulikuwa wazi. Cherotich angeweza kupita. Lakini macho ya gereji nzima yalikuwa usoni mwake, makofi bado yalikuwa masikioni, na mumewe alikuwa amesimama na mti wa kukorogea mkononi akimtazama kwa fahari.

"Ndiyo," alisema. "Ersilia alinipa."

Alisikia mlango wa gereji ukibamizwa. Jacky alikuwa ametoka.

Mzee Nazareno alikiweka kisanduku juu ya meza polepole, akakifunika na kitambaa safi cha mezani, kama unavyomfunika mtu uso. Kisha akamshukuru Cherotich kwa adabu, kwa Kiingereza kilichonyooka ambacho huwa anakitumia kwa watu wa benki.

Siku zilizofuata Cherotich alitoka kwenda kazini mapema kuliko ilivyolazimu na kurudi akipita upande wa pili wa barabara. Nyumbani, Jacky alikula chumbani. Ogutu aliuliza kama kuna jambo, akaambiwa ni uchovu wa safari. Wodini, mgonjwa akimwita "malaika" kama wazee wanavyopenda kuwaita manesi, aliinamia mashuka akayanyoosha upya.

Kisha Loretta akaja na kikapu cha chupa za sosi, mgao wao wa mwaka. Alikaribishwa chai. Jacky alikuwa mezani na vitabu vyake.

"Baba yangu haongei na shangazi," Loretta alisema, akizungusha kijiko kikombeni. "Alimpigia simu ile jioni. Akamfokea, akamwambia anagawa joho la Bikira kama biskuti. Unajua shangazi alimjibu nini? Alinyamaza sana, halafu akasema, 'Ulikuwa unatamani kitu cha nyumbani. Sasa unacho.' Akakata simu."

Cherotich alikisukuma kikombe chake pembeni.

"Na siyo hilo tu. Binamu yangu ameniandikia. Mafundi wanaokarabati ule mchoro walirudi baada ya sikukuu za Krismasi, wakakuta kipande kimepungua. Wana picha ya kila trei. Halmashauri ya mji imemnyang'anya shangazi ufunguo. Walimuuliza nani aliingia, akasema ni watu wa kaka yake, na watu wa kaka yake hawawezi kuiba. Sasa baba anasema amestahili, kama aliweza kukitoa mwenyewe na kudanganya." Loretta alitikisa kichwa. "Kibibi cha miaka themanini. Ufunguo ule ndio uliokuwa unampa sababu ya kuvaa viatu asubuhi."

Loretta alipoondoka, mama na binti walibaki mezani. Jacky alikuwa amemkazia mama yake macho, na hayakuwa na hasira tena, yalikuwa yanangoja. Hilo lilikuwa baya kuliko hasira. Cherotich alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake.

Alimwambia Ogutu jioni hiyo, mumewe akiwa anavua buti mlangoni. Alimwambia yote, mpaka ule uongo wa gerejini. Ogutu alibaki na buti moja mkononi.

"Mama Jacky," alisema mwishowe. "Ulikuwa umetoka kuungama Roma."

"Najua."

"Na mbele ya mtoto."

"Najua, Baba Jacky."

"Mimi nilisimama pale kama mjinga nikikupigia makofi." Akaliweka buti chini. "Kesho uende kwa mzee. Usinitume mimi. Mimi sina uso wa kupeleka."

Asubuhi yake Cherotich alikuwa na siku ya mapumziko. Hakupita kwenye lango dogo la ua kama kawaida, alizunguka kwa barabarani kama mgeni, akabisha mlango. Jacky alimfuata bila kuitwa. Mzee Nazareno aliwafungulia, akawaketisha jikoni, akaweka kahawa juu ya moto, kwa sababu hata mtu aliyekukasirisha hupewa kahawa. Kisanduku kilikuwa juu ya friji, bado kimefunikwa.

Cherotich alikuwa amepanga maneno mazuri. Yote yalimpotea.

"Ersilia hakunipa," alisema. "Nilikichukua mwenyewe. Alikuwa ametoka nje kununua mkate. Nilijua hakiguswi, Jacky alinisomea kibao. Nikakichukua, kisha nikakudanganya mbele ya watoto wako, nikamtupia yeye."

Kahawa ilichemka, ikamwagika juu ya jiko. Mzee hakuinuka. Ni Jacky aliyezima moto.

"Nilikuambia usilete kitu," alisema mzee.

"Ndiyo."

"Nilifikiri umenielewa. Kila kitu kilichoondoka Montarello hakikurudi. Vijana, mimi mmojawapo. Sanamu, kengele, hata mawe ya barabarani watu wa mabondeni walikuja kuyachukua wakajengee majumba yao. Wewe nilikutuma kwa sababu nilitaka angalau mtu mmoja aende pale aone tu, aache kila kitu mahali pake." Akapitisha kiganja usoni. "Na mimi nimemfokea dada yangu. Nimemwita mwizi. Mtu aliyenifulia nguo."

Cherotich alianza kulia. Mzee alimtazama akilia, hakumpa kitambaa, wala hakumwambia basi. Alichukua simu yake, akapiga kwa video, akaiegemeza kwenye chupa ya mafuta.

"Utamwambia yeye," alisema.

"Mzee, sijui lugha. Nitafsirie."

"Hapana. Hayo maneno siwezi kuyapitisha mdomoni mwangu kwenda kwa dada yangu. Siwezi."

Simu ilikuwa inaita. Cherotich akageuka kwa Jacky. Hakumwomba, hakuwa na haki ya kumwomba. Lakini Jacky alivuta kiti, akaketi mbele ya simu bega kwa bega na mama yake.

Ersilia alitokea kwenye kioo akiwa jikoni, kwao bado ni usiku, amevaa lile koti ndani ya nyumba. Aliona ni nani, uso wake ukajifunga.

"Mwambie," Cherotich alisema kwa Kiswahili, "mwambie shikamoo... hapana. Mwambie mimi ndiye niliyekichukua kile kipande. Alipotoka kununua mkate."

Jacky akamgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa akamjibu kwa Kiswahili, Kiswahili chake chenye kigugumizi, ili wale wawili wasielewe.

"Mama. Nisema umeokota, ama nisema umeiba?"

Binti yake hakuwa anamkebehi. Alikuwa anauliza kweli. Alikuwa tayari kuchukua neno lolote atakalopewa na kulibeba.

"Sema nimeiba."

Jacky akasema. Neno lilikuwa fupi kwa Kitaliano. Mzee Nazareno aliinamisha kichwa mezani. Cherotich akaendelea, sentensi baada ya sentensi, na baada ya kila moja ilimbidi angoje aisikie ikitoka tena katika sauti ya mtoto wake: kwamba alimdanganya mzee, kwamba alimsingizia mwenye nyumba aliyemlisha, kwamba amesikia habari za ufunguo, kwamba atawaandikia halmashauri jina lake kamili na alichofanya.

Ersilia alisikiliza yote. Alipojibu, alijibu polepole kumwonea huruma mtafsiri.

"Anasema alijua," Jacky alisema, akirudi kwenye Kiingereza. "Kaka yake alipompigia simu, ndipo alipojua. Hakumwambia kwa sababu ya moyo wake. Na kwa sababu aliona aibu. Alikuwa amewaambia halmashauri kwamba watu wa kaka yake hawaibi."

Ersilia akaongeza jambo.

"Anasema ungemwomba, angekukatalia. Ungeona haya kidogo, dakika moja. Halafu mngekula."

Hapo kaka na dada wakaanza kuzungumza wao kwa wao, haraka, wote kwa pamoja, mzee akilia waziwazi na Ersilia akimkaripia. Cherotich na Jacky waliondoka bila kuaga. Nje, penye minyanya iliyokwisha kung'olewa, Cherotich alitaka kumshika binti yake mkono. Jacky alimwacha amshike mpaka langoni, kisha akautoa.

Kipande kilirudi na Loretta, aliyekuwa na safari yake ya Pasaka. Mafundi walimwelekeza kwa simu namna ya kukifunga kwa pamba. Barua ya Cherotich ilikwenda pamoja nacho. Aliiandika mwenyewe, Jacky akaitia katika Kitaliano, na ikasomwa kwa sauti katika kikao cha halmashauri ya Montarello, mbele ya watu walioijua sura yake kwa sababu alipita vichochoroni mwao akiwapungia mkono. Hawakumshtaki. Lakini ufunguo hawakumrudishia Ersilia. Walisema kwa heshima zote kwamba ni suala la bima, kwamba ni umri, kwamba sasa mgeni atapiga namba ya ofisi na karani atakuja kumfungulia. Kwa hiyo jambo ambalo Cherotich alitamani kulirekebisha halikurekebishika, na alilazimika kuamka nalo, kwenda nalo kazini, na kupiga nalo magoti.

Akina mama walipomwomba awasimulie hija, alisimulia Roma yote, akaishia stesheni ya treni. Mmoja alipouliza kuhusu kule mlimani kwa mzee wake Mtaliano, alisema kulikuwa na baridi. Mwezi uliofuata akaacha uenyekiti. Walimsihi, wakamwambia hakuna kama yeye, na kila sifa waliyompa ilimchoma. Hakuwaeleza sababu.

Mzee Nazareno hakuvunja ujirani. Alimsalimu uani, akauliza habari za zamu, akamwambia kama mvua inakuja. Hakumwomba tena amsimulie Montarello. Siku moja ya baridi Loretta alikuwa amebanwa na kazi, na mzee alikuwa na miadi na daktari wa moyo kule Blacktown, kwa hiyo akamwomba Cherotich ampeleke. Ndani ya gari alikaa ameshika kofia mapajani. Walipita stesheni, wakapita mzunguko wa barabara.

"Ersilia alipiga jana," alisema mzee.

"Hajambo?"

"Magoti. Lakini anatoka. Kila mchana anakaa kwenye ngazi za kikanisa. Wageni wakija, anamngoja karani afungue, halafu anaingia nao anawaonyesha pua yetu." Akacheka kidogo puani. "Karani amemzoea."

Taa ilikuwa nyekundu. Cherotich aliikazia macho.

"Anamsalimu Jacky," mzee aliendelea. "Anasema mwakani akimaliza shule aende, chumba kipo."

Cherotich alingoja. Taa ikageuka kijani, gari la nyuma likapiga honi, naye bado alikuwa anangoja.

"Jacky tu?" aliuliza.

Mzee Nazareno aliigeuza kofia yake mikononi, akatazama nje ya dirisha.

"Jacky," alisema.

"Nitamfikishia," Cherotich akajibu, akaondoa gari.